Usingizi na saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayetibiwa saratani, aliyemaliza matibabu, na anayemuuguza. Wagonjwa wengi hukesha kwa miezi bila kumwambia mtu yeyote kliniki. Wanaona aibu kumlalamikia daktari usingizi wakati kuna uvimbe wa kushughulikia. Ningependa aibu hiyo iishe. Usingizi ukikosekana maumivu huuma zaidi, hasira huwa karibu, na matibabu yenyewe huwa magumu kuyavumilia. Na mara nyingi sababu yake inajulikana na ina dawa, ingawa dawa hiyo si lazima iwe kidonge.

## Ni mimi tu ninayekesha hivi?

Sivyo. Tafiti hutofautiana kulingana na aina ya saratani na namna wagonjwa walivyoulizwa, lakini nyingi hukuta kwamba kati ya theluthi moja na zaidi ya nusu ya wagonjwa wana shida ya usingizi, kiwango kilicho juu kuliko cha watu wasiougua. Wapo wasiopata hata lepe hadi usiku wa manane. Wapo wanaolala mapema kisha wakazinduka saa nane usiku, macho makavu hadi kunakucha. Wapo ambao usiku mzima ni mang'amung'amu, na asubuhi wanaamka na uchovu uleule waliolala nao.

Kitabibu, shida hii huhesabiwa kuwa sugu ikitokea angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, na ikiwa inakuharibia mchana wako. Usingoje miezi 3 itimie ndipo useme. Wiki mbili za kukesha zinatosha kulitaja.

## Kwa nini usingizi umeniruka?

Kwa kawaida sababu si moja. Habari ya ugonjwa yenyewe inatosha kumnyima mtu usingizi. Kisha huja maumivu ya upasuaji, kichefuchefu, vidonda vya mdomoni, kikohozi, ngozi kuwasha palipopigwa mionzi, na kwenda haja ndogo kila mara baada ya dripu au mionzi ya nyonga. Dawa nazo zina sehemu yake: steroidi, tiba ya homoni, na baadhi ya dawa za kuzuia kutapika. Metoklopramidi, kwa mfano, huweza kumfanya mtu asitulie kabisa. Miguu inataka kutembea, mwili unataka kuhama, na mwenyewe anadhani ni wasiwasi wake tu. Hilo likikupata, piga simu kliniki. Dawa hubadilishwa.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Spielman alieleza jambo ambalo kila mgonjwa angepaswa kulijua mapema. Kwa maelezo yake, kukosa usingizi kuna mambo matatu ndani yake: maumbile yanayomwelekeza mtu huko (wapo waliozaliwa na usingizi mwepesi), tukio linalolianzisha tatizo, na mambo yanayolidumisha tukio likishapita. Saratani na matibabu yake ni tukio. Lakini kinacholidumisha tatizo mara nyingi ni mbinu zetu wenyewe za kuutafuta usingizi: kuingia kitandani mapema mno kwa matumaini, kulala mchana kutwa ili kufidia, kubaki kitandani hadi saa nne asubuhi, kutazama saa kila baada ya robo saa. Mwili unajifunza kwamba kitandani ni mahali pa kukodoa macho. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza tibakemikali, maumivu yakaisha, na usiku wake ukabaki uleule. Na ndiyo maana tatizo hili linatibika hata kwa mtu ambaye saratani yake haiponi.

## Siku ya dripu na siku mbili zinazofuata sifumbi macho kabisa. Ni tibakemikali?

Mara nyingi mhusika ni steroidi unayopewa pamoja nayo. Deksamethasoni hutolewa kuzuia kutapika na mzio, na prednisoloni ni sehemu ya matibabu ya baadhi ya saratani za damu na za tezi za limfu. Zote zinafanana na kortisoli, homoni ambayo mwili huipandisha alfajiri ili kukuamsha. Ukiinywa steroidi jioni, unauambia mwili kwamba kumekucha. Wagonjwa husimulia kupata nguvu zisizo zao: mtu anapanga kabati saa saba usiku, maneno yanamtoka mbio, anakasirishwa na jambo dogo, kisha siku ya tatu au ya nne dawa inapoisha mwilini analegea kabisa.

Itazame ratiba yako ya vidonge. Kama dozi ya siku imegawanywa mara mbili, muulize daktari au mfamasia iwapo ya kwanza inaweza kunywewa wakati wa kifungua kinywa na ya pili isipite saa nane mchana, au zote mbili zinywewe asubuhi. Kwa wengi inawezekana, na badiliko hilo peke yake huweza kurudisha sehemu nzuri ya usiku. Nywa ukiwa umekula. Usipunguze wala kuacha steroidi kwa uamuzi wako, hasa kama umezitumia kwa wiki kadhaa, kwa sababu mwili huwa umepunguza kutengeneza kortisoli yake na kukatisha ghafla ni hatari.

## Naamka nimelowa jasho, nabadilisha nguo, nikirudi kulala linaanza upya. Nifanyeje?

Joto la ghafla usiku huwapata sana wanaotumia dawa za homoni za saratani ya titi kama tamoksifeni, anastrozoli au letrozoli, wanawake ambao tibakemikali au upasuaji umewakatisha hedhi kabla ya wakati, na wanaume wanaopewa dawa za kushusha testosteroni kwa ajili ya saratani ya tezi dume. Wanaume hawa husahaulika. Wengine husikia kwa mara ya kwanza kwamba ni athari ya dawa baada ya kuteseka nalo kwa miezi. Homoni zikishuka, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa nyepesi kushtuka: joto likipanda kidogo tu, inafungulia jasho na moyo unaenda mbio.

Kinachosaidia ni chumba chenye hewa na ubaridi, shuka za pamba, na kujifunika nguo nyepesi mbilitatu badala ya blanketi moja zito, ili uweze kutoa moja bila kubaki wazi. Weka nguo kavu na taulo karibu na mto usije ukalazimika kuwasha taa na kufungua kabati. Jioni punguza vinywaji vya moto, pilipili na pombe. Uliza pia kama unaweza kuhamisha saa ya kunywa kidonge chako cha homoni, maana wapo wanaopata nafuu wakikihamishia asubuhi na wapo wanaopata nafuu kikiwa cha jioni. Hali ikizidi, zipo dawa zisizo za homoni, kama venlafaksini, au gabapentini ambayo huleta usingizi na kwa hiyo hunywewa usiku.

Kuna jambo moja la kuwa macho nalo. Paroksetini na fluoksetini, ambazo huandikwa kwa sonona na pengine kwa joto hili, huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kuigeuza tamoksifeni kuwa dawa yenye nguvu. Kama unatumia tamoksifeni na unataka kuandikiwa mojawapo, mkumbushe anayekuandikia.

Tena, usichanganye jasho hili na homa. Kama uko katikati ya tibakemikali ukatetemeka na kutoka jasho, pima joto. Nyuzi 38 au zaidi ni dharura. Kinga yako inaweza kuwa chini sana, na safari ya hospitali ni usiku huohuo.

## Maumivu ndiyo yanayoniamsha. Niongeze dawa?

Usiongeze mwenyewe, lakini usinyamaze. Maumivu yanayokuamsha kila usiku yana maana kwamba dawa haitoshi au ratiba yake haiendani na usiku wako. Mara nyingi mambo huwa hivi: mtu amekunywa kidonge cha kufanya kazi kwa saa 4, akalala saa tatu usiku, saa saba nguvu zake zimekwisha. Anazinduka, anajikaza kwanza, maumivu yanapanda, ndipo anatafuta kidonge kingine ambacho nacho kinahitaji muda kabla ya kufanya kazi. Hapo usiku umekwisha kukatika. Daktari anaweza kukupa mofini inayoachilia dawa polepole kwa saa 12, au kupanga upya dozi ya usiku. Kama unaruka dozi kwa kuogopa kuzoea mofini, mweleze hofu hiyo. Ni hofu inayozungumzika, na mgonjwa hapaswi kuumia kimya kwa ajili yake.

Ganzi na kuwaka moto nyayo baada ya dawa za tibakemikali kama paklitakseli, oksaliplatini au vinkristini ni maumivu ya neva. Hayasikii sana parasetamoli. Yana dawa zake, na duloksetini ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi, ingawa anayetumia tamoksifeni aitaje kabla ya kuianza.

Mito nayo ni msaada mkubwa. Aliyepasuliwa titi au kwapa hupata nafuu mkono wake ukiinuliwa juu ya mto laini. Aliyepasuliwa tumbo aweke mmoja chini ya magoti na mwingine wa kukumbatia anapogeuka au kukohoa. Mwenye kiungulia au pumzi fupi ainue kifua na kichwa kwa pamoja, si shingo pekee.

## Ni dalili gani za usiku zisizongoja asubuhi?

Homa nimeshaitaja. Nyingine ni maumivu mapya ya mgongo yanayozidi ukilala, hasa miguu ikiishiwa nguvu, ukipata ganzi kati ya mapaja, au mkojo na haja kubwa vikikutoka ama kugoma. Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na kuchelewa kunaweza kumgharimu mtu uwezo wa kutembea. Pumzi kukosekana unapolala chali, maumivu ya kifua, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kichwa kuuma vikali kwa namna mpya pamoja na kutapika, au degedege. Kuchanganyikiwa, ambapo mgonjwa analala mchana na usiku anaona visivyokuwepo au hajui alipo: huko si kukesha kwa kawaida, ni ubongo unaosumbuliwa na maambukizi, dawa, au madini ya damu kama kalisi yaliyovurugika. Anayetumia mofini asipoamshika vizuri na akawa anapumua polepole mno, tafuta msaada wa dharura mara moja.

Mawazo ya kutaka kufa yanayokujia usiku nayo ni dharura. Mwamshe mtu aliye karibu, au mpigie anayeweza kuja.

## Nikizinduka saa nane usiku nifanye nini?

Usibaki kitandani ukigombana na usingizi. Msingi wa ushauri huu ulitolewa mwaka 1972 na Richard Bootzin, naye alishikilia jambo moja: kitanda kibaki cha kulala na cha tendo la ndoa basi. Kama umekaa macho kwa muda unaoona ni kama dakika 20 (kadiria tu, saa igeuzie ukutani), ondoka. Nenda chumba kingine au kwenye kiti, washa taa hafifu, fanya jambo tulivu lisilokushika sana: kusoma kitu ulichokwisha kukisoma, kukunja nguo, kusikiliza sauti ya upole. Simu iache, maana ukiishika utajikuta unasoma habari za ugonjwa wako. Rudi kitandani kope zikiwa nzito. Usingizi usipokuja, toka tena. Na asubuhi amka saa ileile uliyojipangia, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Hilo la mwisho ndilo watu hulikataa zaidi, na ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu saa ya kuamka ndiyo inayoipanga saa ya kusinzia usiku unaofuata.

Kama huna nguvu, una kizunguzungu, au umeunganishwa na dripu, usihatarishe kuanguka. Keti kitandani ukiegemea mto, vuta shuka pembeni, fanya shughuli hiyohiyo ya utulivu, kisha ulale chini tena usingizi ukija. Lengo ni kutenganisha kulala na kuhangaika.

Kuhusu mawazo, usiku wa manane si saa ya kuyatatua. Tenga nusu saa jioni mapema, mbali na kitanda, uandike kila kinachokukaba: majibu ya kipimo, watoto, pesa, kazi. Mbele ya kila jambo andika hatua moja ndogo ya kesho, au andika kwamba hakuna la kufanya hadi siku fulani. Likija tena usiku, unajua liko kwenye karatasi. Wengi pia husaidiwa na kupumua polepole, kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta, au kukaza na kulegeza misuli kuanzia vidole vya miguu kwenda juu, ukiruka sehemu yenye kidonda. Wenye kusali husali. Yote hayo ni mema alimradi huyafanyi kwa kujipima kama usingizi umeshafika.

## Kuna tiba halisi isiyo ya vidonge?

Ipo, na ndiyo inayopaswa kutangulia. Ni tiba ya fikra na tabia kwa ajili ya usingizi. Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliipendekeza mwaka 2016 kuwa chaguo la kwanza kwa watu wazima wenye tatizo sugu la usingizi, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 ulisema vivyo hivyo. Huchukua vikao 4 hadi 8 na mtaalamu, ana kwa ana, kwa simu, au kwa programu za intaneti. Imejaribiwa kwa watu waliopata saratani. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2019 liliwagawa watu 160 waliomaliza matibabu, nusu wakapata tiba hii na nusu tiba ya sindano za Kichina. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini tiba ya fikra na tabia ilipunguza tatizo zaidi.

Sehemu yake inayoshangaza ni kupunguza muda wa kitandani. Chukua mtu anayeingia kitandani saa tatu usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa 9. Daftari lake la wiki mbili linaonyesha kwamba kwa wastani analala saa 5 na nusu, yaani asilimia 61 ya muda huo. Anaambiwa aendelee kuamka saa kumi na mbili, lakini asiingie kitandani kabla ya saa sita na nusu usiku. Siku za mwanzo ni ngumu na mchana anasinzia, lakini uchu wa usingizi unakusanyika, na baada ya muda vipande vya usingizi huanza kuungana. Akifikia kulala asilimia 85 ya muda wake kitandani, anaongezewa dakika 15, kisha 15 nyingine baada ya wiki, hadi atakapopata kipimo chake.

Muda wa kitandani haushushwi chini ya saa 5. Hatua hii isifanywe bila mtaalamu na mwenye kifafa au uvimbe wa ubongo, mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, mwenye mifupa dhaifu anayeweza kuanguka, au anayeendesha gari na mashine. Wala si ya wiki ya dripu, wakati mwili umeishiwa. Zile nyingine, kuamka saa ileile kila siku na kutoka kitandani ukikosa usingizi, unaweza kuanza nazo leo.

## Nimechoka kutwa nzima. Nilale mchana?

Uchovu wa saratani na usingizi ni vitu viwili. Mwenye usingizi akifumba macho hulala. Mwenye uchovu hujilaza, halali, na huinuka na uchovu wake. Siku chache baada ya dripu mpe mwili haki yake, ulale unavyotaka. Nje ya siku hizo, lala mchana mara moja, dakika 20 hadi 30, kabla ya saa tisa alasiri, na utege kengele.

Kwa uchovu wenyewe, ajabu ni kwamba kinachosaidia zaidi ni kutembea. Mwongozo wa kimataifa wa mazoezi kwa watu wenye saratani wa mwaka 2019 unataja dakika 30, mara 3 kwa wiki, kwa mwendo wa kukupandisha pumzi kidogo. Ukianza na dakika 5 hujakosea. Tembea asubuhi nje kwenye mwanga, maana mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Yoga laini nayo ina ushahidi: jaribio la mwaka 2013 lenye watu 410 waliomaliza matibabu lilionyesha kwamba wiki 4 za yoga ziliboresha usingizi wao. Uliza pia kuhusu upungufu wa damu na tezi ya shingo, vyote viwili huchosha na vyote hupimwa kwa damu.

## Na vidonge vya usingizi je?

Vina mahali pake. Usiku kabla ya upasuaji, wiki ya kwanza baada ya majibu mazito, au kwa mtu aliye katika siku zake za mwisho, sioni sababu ya kumnyima mtu kidonge. Tatizo ni kidonge cha siku chache kinapogeuka kuwa cha miaka. Diazepamu, lorazepamu na zolpidemu huzoeleka, huongeza kuanguka usiku na hufanya kichwa kiwe kizito asubuhi. Tangu mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani inataka maonyo makali kabisa kwenye pakiti kuhusu kuchanganya dawa za kundi la diazepamu na za kundi la mofini, kwa sababu kwa pamoja zinaweza kusimamisha pumzi. Pombe juu yake huzidisha hatari. Kama unazitumia kwa muda mrefu usiziache kwa siku moja, zipunguzwe taratibu na daktari.

Dawa za mafua na mzio zinazosinzisha, ambazo watu hununua wenyewe, si salama kama zinavyodhaniwa. Kwa wazee huleta kuchanganyikiwa, kinywa kukauka na mkojo kugoma. Wakati mwingine daktari huchagua dawa inayotibu mambo mawili kwa pamoja, kama mitazapini kwa mgonjwa mwenye sonona, asiyelala na asiye na hamu ya kula. Naona huo ni uamuzi wa busara pale unapomfaa mtu.

## Melatonini, mitishamba, pombe kidogo kabla ya kulala?

Melatonini ni homoni ambayo ubongo huitoa giza likiingia. Husaidia zaidi saa ya mwili inapovurugika kuliko katika kukosa usingizi kwa kawaida. Muulize daktari wako wa saratani kabla ya kuinunua. Kwa mitishamba sharti ni hilohilo, na kwa ukali zaidi: mmea uitwao wa Mtakatifu Yohana, unaouzwa kwa huzuni na usingizi, huharakisha ini kuziondoa dawa za saratani kama imatinibu na irinotekani, hivyo matibabu yanakosa nguvu bila mtu kujua. Pombe hukulaza haraka kisha hukuamsha usiku wa manane. Kafeini nusu yake hubaki mwilini saa 5 hivi baadaye, kwa hiyo kahawa, chai ya rangi na soda za kuchangamsha ziishie mchana.

## Kukosa usingizi kutarudisha saratani yangu?

Swali hili huwakesha watu kuliko maumivu. Usiku mbaya hauharibu matibabu yako, wala mwezi mbaya. Pengine umesoma kwamba Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku, mwaka 2007 na tena 2019, katika kundi la mambo ambayo yumkini husababisha saratani. Ni kweli, lakini hapo inazungumziwa miaka ya kufanya kazi usiku chini ya taa na kuigeuza saa ya mwili, si mgonjwa anayegaagaa kitandani. Tunatibu usingizi ili uishi vizuri. Usijibebeshe lawama juu yake.

## Nimemaliza matibabu, wote wanashangilia, mbona ndiyo kwanza silali?

Hutokea mara nyingi. Wakati wa matibabu kuna ratiba, wauguzi, kazi ya kufanya. Yakiisha unabaki na wewe mwenyewe na swali kama ugonjwa utarudi, na wiki za kabla ya kipimo cha ufuatiliaji huwa mbaya kuliko zote. Tiba ya homoni nayo, kwa saratani ya titi, mara nyingi huendelea miaka 5 hadi 10. Na zile tabia za kitandani alizozieleza Spielman zimekwisha kukomaa.

Angalia pia sonona. Kama kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni karibu kila siku, hakuna kinachokufurahisha, na unazinduka alfajiri mapema na moyo mzito, hiyo si shida ya usingizi pekee na ina matibabu yake.

## Mwenzangu anasema nakoroma na pumzi inakatika. Na miguu yangu haitulii usiku.

La kwanza linahitaji kipimo cha usingizi, hasa kama saratani ilikuwa ya kichwa au shingo, au umenenepa kwa steroidi, na hasa kabla ya kupewa kidonge chochote cha usingizi. La pili mara nyingi hutokana na madini ya chuma kupungua, hata kabla ya damu yenyewe kupungua. Omba kupimwa feritini, kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini.

## Nimelazwa, na wodini hakulaliki. Nitafanyaje?

Omba vya kuzibia macho na masikio. Muulize muuguzi wa zamu, kwa adabu, kama dawa, vipimo vya joto na shinikizo la damu vinaweza kufanywa kwa pamoja ili usiamshwe mara tatu, na kama dripu inaweza kuanza mapema ili usikimbilie choo usiku kucha. Si kila kitu kinawezekana, lakini wauguzi hulielewa ombi hilo. Mchana keti karibu na dirisha.

## Ninayeuguza ndiye nisiyelala.

Naomba usilipuuze. Wanaouguza hulala sikio moja likiwa wazi, na mara nyingi hawaulizwi hali zao. Gawaneni usiku: mtu mmoja akisimamia hadi saa nane na mwingine kuanzia hapo, kila mmoja anapata kipande kisichokatika, nacho kina faida kuliko usiku mzima wa kushtuka. Kama uko peke yako, tafuta hata usiku mmoja kwa wiki wa kupokewa na ndugu au rafiki. Kengele ndogo karibu na mkono wa mgonjwa hukuruhusu ulale badala ya kusikilizia. Na dozi za usiku zikiwa nyingi, mwambie daktari kwamba zinakumaliza. Pengine zinaweza kupangwa upya.

## Nikifika kliniki nianzeje?

Nenda na daftari la wiki moja au mbili. Kila asubuhi andika saa uliyoingia kitandani, muda unaokadiria ulipita kabla ya kulala, mara ulizoamka na kilichokuamsha, saa uliyotoka kitandani, usingizi wa mchana, na dawa zote pamoja na saa zake, hata za mitishamba. Kisha sema mwanzoni mwa mazungumzo, kabla ya majibu ya vipimo kula muda wote: "Daktari, silali. Kwa wiki moja usiku wangu uko hivi." Mpe karatasi. Uliza maswali matatu: ni ipi kati ya dawa zangu inaweza kuwa chanzo, inaweza kuhamishwa saa, na nani hapa anatoa tiba ya fikra na tabia? Ukijibiwa kwamba ni kawaida tu, muulize muuguzi wa saratani, mfamasia, au timu ya tiba shufaa. Timu hiyo si ya wanaokaribia kufa pekee. Kutuliza dalili kama hizi ni kazi yao kuanzia siku ya kwanza ya ugonjwa.